Sauti Niliyoilinda kwa Ajili ya Kazi

Kocha wa safu ya mbele akikauka sauti, hakuna anayemuuliza anaumwa nini. Ni kama fundi wa gereji kuwa na mafuta kwenye kucha. Mimi nilikauka mwezi wa nane, tulipoanza mazoezi ya msimu, na theluji ya kwanza ilipoanguka bado nilikuwa nakwaruza kama mlango wa stoo. Wachezaji waliniigiza bafuni. Kocha mkuu alinisifu mbele ya wote. "Msikilizeni huyu," alisema. "Hiyo ndiyo sauti ya mtu anayefanya kazi." Nami nikaona fahari.

Nieleze kazi yenyewe kwanza, maana bila hiyo ugonjwa wangu hautaeleweka. Mpira ninaousema si ule wa kupiga teke. Ni wa Kimarekani, wa kubebwa mkononi na kugongana. Timu inaposhambulia, watu watano wanene huinama mbele kabisa. Wa katikati, senta, ndiye anayeuanzisha mpira kwa kuupitisha katikati ya miguu yake mwenyewe kwenda kwa mwenzake aliye nyuma, ambaye ndiye kiongozi wa mashambulizi. Kisha wote watano wanakuwa ukuta ili kiongozi huyo asiangushwe. Wakifanya vizuri hakuna anayewataja. Wakikosea mara moja, uwanja mzima unajua namba zao. Hao ndio niliowafundisha kwa miaka mingi katika chuo kimoja cha hapa Saint Paul, kaskazini mwa Marekani. Nilianza mwenyewe kama mmoja wao, kijana wa Kisii mwenye mwili mkubwa asiyejua hata sheria za mchezo.

Watano hao lazima waondoke kwa pamoja, na kwa kawaida hufuata sauti ya kiongozi. Lakini mkicheza ugenini, watazamaji hupiga kelele makusudi ili msisikie kitu. Hapo tunatumia mguso. Senta ameinama, anatazama mbele. Jirani yake wa kulia anageuza shingo kutazama nyuma. Kiongozi akiwa tayari anainua kisigino, na jirani yule anamgonga senta kwenye paja. Senta akiguswa huinua kichwa, huhesabu moja moyoni, hutoa mpira. Hakuna neno lililosemwa. Nilikuwa nawaambia vijana, "Sauti yangu ni ya mazoezini. Siku ya mechi mna mikono." Naomba ulikumbuke hilo.

Msimu ulipoisha, mke wangu Kemunto, ambaye ni muuguzi katika nyumba ya wazee, alinitazama tukinywa chai akasema, "Baba Moraa, mechi zimeisha. Sasa unamfokea nani?"

"Ni uchovu."

"Uchovu wa koo tangu mwezi wa nane? Kesho unaenda hospitali, na mimi ndiye nita-drive, usije ukapotea njia."

Walipitisha kamera puani, wakakata kinyama cha kupima. Jibu lilikuja wiki ya kuelekea Krismasi. Saratani ya koo. Kemunto alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa natazama kipande cha barafu kikiyeyuka kutoka kwenye kiatu changu na kutengeneza dimbwi kwenye zulia la daktari.

Daktari alikuwa mama mwenye subira. Alieleza kwamba kuna njia mbili. Ya kwanza ni upasuaji wa kuondoa zoloto yote, pale sauti inapotokea. Ningepumua kwa tundu shingoni na kujifunza kuongea upya kwa njia nyingine. Ya pili ni mionzi pamoja na dawa ya dripu. Ni ndefu, inachoma, na wakati mwingine haimalizi kazi, lakini huenda ikaniachia sauti. Kemunto alimuuliza, "Kwa ugonjwa wake, angekuwa kaka yako ungemwambia nini?" Daktari akasema yeye angeelekea upasuaji. Kisha akanigeukia mimi. "Lakini ni shingo yako. Unataka kuokoa nini? Nenda ufikiri, urudi."

Kabla sijarudi kwa daktari, kocha mkuu alikuja nyumbani kwetu, kitongoji cha Crystal. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, jambo lililomfurahisha Kemunto. Alileta mpira uliosainiwa na wachezaji wote. Alikaa, akanishika bega, akasema, "Nafasi yako inakusubiri. Hata ikiwa masika, hata ikiwa kiangazi. Wewe rudi tu na ile sauti."

Basi daktari aliponiuliza tena, nilijibu upesi. Sauti.

Kwenye gari Kemunto hakuwasha injini. Vioo vilikuwa vimefunikwa na theluji, tukawa kama tumekaa ndani ya mtungi. "Amekuuliza unataka kuokoa nini," alisema. "Mimi nilidhani utasema baba ya Moraa."

Nikafunga mkanda. Akawasha gari, wiper zikaanza kusukuma theluji.

Kama nawe unaanza mionzi ya koo, nikuambie kitu ambacho hakuna aliyeniambia mapema: mashine yenyewe haiumi. Kinachotisha ni kinyago. Wanachukua wavu wa plastiki uliolainishwa kwenye maji ya moto, wanaulaza usoni na mabegani mpaka ukauke kwa umbo lako. Kisha kila siku ya tiba wanakufunika nao na kuubana kwenye kitanda, usisogee hata kidogo. Mimi nimetumia maisha yangu kufundisha watu wazito wasisukumwe. Siku ya kwanza vile vibano vilipolia kando ya masikio yangu, niliinua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza, wakanifungua.

Mmoja wa wataalamu wa mashine alikuwa dada kutoka Uvira, Kongo, jina lake Furaha. Aliposikia Kemunto akinituliza kwa Kiswahili, uso wake ulifunguka. "Papa, hapana ogopa," alisema. "Masque haiko inakula watu. Iko inakushika tu juu ya shingo."

Nilimweleza, kwa ile sauti iliyokuwa imebaki, kwamba taabu yangu haikuwa kubanwa. Ilikuwa kutojua. Wao wangetoka chumbani, mlango mzito ungefungwa, nami ningebaki sijui mashine itaanza sasa au baadaye. Nikamweleza habari ya senta na jirani yake. "Kabla hujatoka," nikasema, "nigonge kwenye paja. Nikiguswa nitajua ni sasa."

Furaha alimtazama Kemunto, akanitazama mimi. "Paja? Ya bwana wa mwenyewe? Papa, miye ni muke wa pasta!"

Kemunto alicheka mpaka akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Krismasi. "Gonga goti," akamwambia. "Goti nakuruhusu."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi isipokuwa wikendi, alifunga kinyago, akasema "Haya, Papa," akanigonga goti. Mimi nilihesabu moja, na mashine ikaanza kuzunguka. Sijui kama kitu kidogo vile kinaweza kukusaidia wewe. Lakini tafuta chako, uwaombe bila haya. Watu wa hospitali wanapenda kusaidia. Tatizo ni kwamba hawajui unaogopa nini mpaka uwaambie.

Kwenye chumba cha kungojea kulikuwa na meza ya picha ya vipande, zile za kuunganisha. Kila mgonjwa aliweka kipande chake kimoja au viwili akisubiri kuitwa. Alikuwepo mzee wa Kizungu kutoka Apple Valley aliyetafuta vipande vya pembeni tu. "Wewe ni kocha wa safu," aliniambia, "unajua kwamba kazi huanzia pembeni." Nikamwambia hapana, kazi huanzia katikati. Tulibishana hivyo asubuhi nyingi, yeye kwa kunong'ona, mimi kwa kunong'ona, kama wezi wawili. Halafu wiki moja hakuja. Nilimuuliza mhudumu wa mapokezi, akasema haruhusiwi kuzungumzia wagonjwa wengine. Ile picha ya vipande, ya ziwa, ikabaki na pembe moja wazi, mpaka mtu akaivunja na kuanza nyingine.

Mwili ulianza kuondoka mwezi wa pili. Ladha ilitangulia, chai ikawa kama maji ya betri. Mate yakakauka. Ngozi ya shingo ikawa nyeusi kuliko nyusi zangu, kisha ikachubuka. Kumeza kukawa kama kumeza kiberiti kinachowaka, wakanitoboa mrija wa tumboni wa kunilishia maziwa ya makopo. Mimi niliyekuwa najaza mlango nilianza kupita bila kugusa fremu. Pete ya ndoa ilianguka kwenye sinki nikiosha uso, nikaivaa kidole gumba. Ndevu chini ya taya hazijaota mpaka leo.

Na wageni walikuja, maana sisi Wakenya wa hapa hatujui kumwacha mgonjwa peke yake. Kina mama wa ushirika walifika Jumapili baada ya ibada na sufuria zimefungwa kwa taulo: chapati, kuku, mboga ya managu, chai ya tangawizi. Waliimba, wakaomba Mungu anirudishie koo, halafu wakapakua.

"Baba Moraa, kidogo tu," alisema Mama Kerubo, kiongozi wao, akinisogezea kikombe.

Nilinyoosha kidole kwenye mrija.

"Hata chai? Chai si chakula."

"Mama Kerubo," Kemunto alisema, "huyo akimeza hiyo, utamwimbia wimbo mwingine."

Wakacheka, wakala mbele yangu. Nilikaa nikisikia harufu ya tangawizi ambayo ulimi wangu haukuijua tena. Nilikasirika, sitaficha. Lakini walipoondoka vyombo vilikuwa vimeoshwa, theluji ya mlangoni imefagiliwa, na Moraa, binti yetu wa kidato cha pili, alikuwa amekula chakula cha moto kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Kwa hiyo wageni wakija, waache wale. Si kwamba wanakula kwa sababu hawakuoni. Wanajaza nyumba kwa niaba yako.

Ndani ya nyumba tulikuwa tunachakaa. Kemunto alikuwa akitoka zamu mbili mfululizo, anavua koti, anachukua bomba la sindano na kunisukumia maziwa tumboni. Siku moja nilisukuma mkono wake kwa sababu maziwa yalikuwa baridi. Akaliweka bomba chini. "Nimegeuza wazee tangu asubuhi," alisema. "Mmoja ameniuma. Nikija nyumbani nimkute mume, si mzee mwingine." Nilifungua mdomo nimfokee, kukatoka hewa tu. Alingoja. Nikajaribu tena. Hewa. Moraa alikuwa kwenye ngazi, ameziba masikio, ingawa hakukuwa na kelele yoyote ya kuziba.

Moraa ndiye aliyepata dawa ya hilo. Yeye husikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, kama wenzake wote wa huku. Aliniambia, "Baba, mfundishe Mama ile ya senta." Tangu hapo Kemunto akiwa tayari kunilisha alinigonga paja, nami nikainua kichwa. Nikitaka angoje, sikuinua. Tulikula hivyo mwisho wote wa majira ya baridi, bila neno, na ugomvi ukapungua.

Mionzi ilikwisha barafu ikiwa bado kwenye maziwa na mito. Mwezi wa nne walinipima, wakasema uvimbe umeondoka. Daktari alitabasamu mpaka nikaona fizi zake. Sauti nayo ilikuwepo. Ilikuwa kama mtu anayesugua karatasi mbili, lakini ilikuwa yangu. Nilimpigia Furaha simu, nikamwambia kwa sauti hiyo: "Nimerudi." Akasema, "Papa, iko tamu. Njo yenyewe," yaani ndiyo hasa.

Mazoezi ya masika yalikuwa yameanza. Nilivaa jaketi la timu, likaning'inia kama limeazimwa, nikaenda chuoni. Vijana wangu walikuwa uwanjani, na mbele yao, na filimbi shingoni, alikuwa msaidizi wangu. Nilidhani ananishikia nafasi. Senta wangu, kijana wa mashambani aitwaye Cole, aliniona kwanza. Badala ya kunikimbilia alitazama nyasi. Hapo nikajua.

Kocha mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango. Alisema nimepigana kama simba. Alisema mimi ni wa familia. Kisha akasema, "Lakini ndugu yangu, safu inahitaji sauti."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelifundisha maisha yangu yote. Nikamwambia, "Uwanja ukilipuka hakuna anayemsikia kocha. Ndiyo maana nimewafundisha kugusana."

Aliinama juu ya meza, akaweka mkono nyuma ya sikio. "Samahani, umesemaje?"

Nikarudia, kwa nguvu zote nilizokuwa nazo.

Akaegemea kiti taratibu, kwa huruma kabisa. "Unaona?" akasema. "Ndicho ninachomaanisha."

Alinipa kazi ya kukata na kupanga video za mechi, kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha. Niliikubali. Watu wa nyumbani waliniuliza kwa nini sikumtupia jaketi lake usoni, basi nieleze: hapa bima ya matibabu imefungwa kwenye kazi, na mtu anayepaswa kuchunguzwa koo mara kwa mara hatupi jaketi. Kiangazi chote nilikaa kule chini na chupa yangu ya maji, maana mate hayajarudi na sidhani yatarudi. Msaidizi wangu wa zamani alikuwa akichungulia mlangoni na kuuliza, "Kocha, ungefanyaje mtu huyu akipita ndani?" Nilimweleza polepole. Baadaye nilisikia maneno yangu yakipigwa kelele nje, kwa sauti nzuri, ya kijana.

Kwa hiyo usiniulize kama nilichagua vizuri. Ningekatwa siku ile, huenda ningekuwa na tundu shingoni na kazi ileile ya video. Ninachojua ni hiki, na ndicho kilichonifanya niandike. Daktari atakuuliza unataka kuokoa nini. Usimjibu kwa niaba ya mwajiri wako. Mwajiri akija na mpira uliosainiwa, mshukuru, uweke mpira kabatini, umuulize anayelala kando yako. Mimi sikumuuliza. Nilishika sauti kwa ajili ya watu ambao hawakusubiri hata nipone koo.

Na kunywa maji, hata kama yanachoma. Geuza shingo kila siku, usiiache ikakakamaa. Lia ukitaka. Usinyamaze nyumbani kwa sababu tu huna sauti.

Wiki mbili zilizopita timu ilicheza mechi ya kwanza ya nyumbani ya msimu huu. Watu wa video hawakai kando ya uwanja na makocha. Tulipewa tiketi, tukakaa juu, Kemunto, Moraa na mimi. Mtu wa nyuma yetu alikuwa akimsifu kocha mpya wa safu. Moraa aligeuka nusu, Kemunto akamrudisha kwa jicho.

Timu ya wageni ilikuwa imeleta mashabiki wengi. Kuelekea mwisho, timu yetu ikihitaji hatua chache tu ili ifunge, upande wao ulianza kupiga kelele mpaka viti vikatetemeka. Msaidizi wangu alikuwa mstarini, mikono mdomoni, anapaza sauti, shingo imemtoka mishipa. Hakuna aliyegeuka. Nilimwona jirani wa kulia akitazama nyuma. Akamgonga Cole kwenye paja. Cole akainua kichwa. Moja. Watano wakaondoka kama mlango mmoja, na kiongozi akapita nyuma yao hadi mwisho.

Uwanja ukasimama. Nikasimama pia, nikafungua mdomo nishangilie. Unajua kilichotoka.

"Baba," Moraa alisema sikioni mwangu, "ile ni yako." Alisema kwa Kiingereza, kama kawaida, huku akitazama uwanja.

Tuliondoka kabla ya msongamano. Nilitangulia kushuka ngazi, Kemunto nyuma yangu. Katikati ya ngazi nilisimama. Chini wale watano walikuwa wakirukiana vifuani, na msaidizi wangu katikati yao, na kocha mkuu akimpiga mgongoni, akimwambia kitu kwenye sikio, naye akicheka. Watu walikuwa wakinipita.

Kisha nikaguswa kwenye paja, kwa nyuma.

Mwili hauulizi. Niliinua kichwa. Nikahesabu moja. Mkononi sikuwa na kitu isipokuwa ile chupa ya maji, nikaipitisha nyuma bila kugeuka, Kemunto akaipokea, tukaendelea kushuka.